Kovu la Mzee Dahir

Vijana wangu wa kliniki ya upasuaji, siku mliyoniaga mlinitaka niseme machache, nami nikasema machache kweli kwa sababu soda zilikuwa zinapata moto. Sasa nimekaa nyumbani Hola, magoti yananisumbua na sina mtu wa kumfokea, kwa hiyo nitayaandika yale niliyoyaruka. Vyeo nitaviacha, havikuwa vingi. Nitawaeleza nilivyoanza, walionifunza kazi, na mgonjwa mmoja ambaye hatukumkata.

Nilifika Garissa mwanzoni mwa miaka ya tisini, muuguzi mpya mwenye sanduku la bati na sweta aliyonifungia mama. Sweta hiyo sikuivaa hata siku moja. Asubuhi ya kwanza nilidhani nitakabidhiwa wodi, nikakabidhiwa karai la glavu. Siku hizo glavu hazikutupwa baada ya mgonjwa mmoja kama mnavyofanya ninyi. Tuliziosha kwa sabuni, tukazijaza hewa na kuzizamisha majini ili tuone kama zinatoa mapovu, tukazianika, tukazipaka poda, kisha zikaingia kwenye chombo cha mvuke. Nilifanya hivyo wiki mbili mfululizo, na hadi leo nikiona mtu anavuta glavu nne kutoka kwenye boksi ili atumie mbili, damu yangu inapanda.

Aliyenipa karai hilo ni Sista Halima, mkuu wa kliniki, mzaliwa wa Garissa mjini, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kusikika hadi maabara. Ndiye aliyenifunza jambo ambalo chuoni hawakulitaja. Nilikuwa nikijaza daftari la wagonjwa wanaotakiwa kurudi, na kwenye nafasi ya anwani nikaandika sanduku la posta la chifu, kama nilivyofundishwa. Akaja nyuma yangu akasoma.

"Komora, huyu mtu anachunga ngamia. Sanduku la bosta atalifanyia nini? Atalinywesha?"

"Sasa niandike nini, Sista?"

"Andika kisima anachonywesha wakati wa jua. Andika baba yake na babu yake. Andika duka gani anachukua sukari, na ni nani kwake yule mwenye duka. Ukimjua mwenye duka, umemjua mtu."

Basi daftari letu likawa hivyo. Tarehe nazo tuliziandika kwa mwezi wa Kiislamu, kwa sababu ukimwambia mchungaji arudi tarehe kumi na nne Agosti atakuitikia kwa adabu na hutamwona tena, lakini ukimwambia arudi mwezi ukiandama baada ya Arafa, atafika. Kwa daftari hilo niliwapata wagonjwa hadi Bute, kule karibu na mpaka wa Ethiopia. Wakaguzi kutoka Nairobi walilitazama, wakaniambia halifuati fomu.

Mwalimu wangu wa pili alikuwa Daktari Kilonzo, mpasuaji, Mkamba mpole mwenye mikono mikubwa ambayo ungedhani ni ya fundi mawe. Alikuwa haongei chumba cha upasuaji, ila kliniki aliongea mno. Kifaa alichokipenda kilikuwa bomba la chuma la kuchungulia ndani ya puru, yaani ile sehemu ya mwisho ya utumbo kabla ya njia ya haja kubwa. Lilikuwa na balbu ndogo kuliko punje ya mchele, na balbu ikiungua tulisubiri miezi kupata nyingine. Alilifuta mwenyewe, akaliviringisha kwenye kitambaa, akalifungia kwenye kabati la dawa za sumu. Hata mimi ilinichukua mwaka mzima kuruhusiwa kulishika.

Katikati ya miaka hiyo ndipo alipokuja Mzee Dahir, mchungaji wa upande wa Habaswein, wa umri wa miaka hamsini na kitu. Namwita mzee kwa heshima, mwili ulikuwa bado wa kijana. Alikuwa akitoka damu chooni kwa muda mrefu na wenzake walimtibu bawasiri kwa kila mti unaoota kule. Daktari Kilonzo alitia kidole akagusa uvimbe mgumu. Kipande cha nyama kilipelekwa Nairobi na jibu likarudi: saratani ya puru, mahali pa chini kabisa. Vitabu vyote vilikuwa na neno moja. Kwanza mionzi na dawa za mshipa ili uvimbe upungue, halafu apasuliwe, puru yote itolewe, njia ya haja kubwa ishonwe, na tangu hapo choo kitoke tumboni kwenye mfuko.

Mionzi na dawa alikubali. Alikwenda Nairobi akakaa kwa jamaa zake Eastleigh zaidi ya wiki tano, akarudi amekonda, ngozi ya makalio imeungua. Habari ya mfuko ndiyo iliyomshinda.

"Daktar, mimi naswali mara tano," aliniambia. "Nitasimama aje mbele ya Mungu na choo iko hapa tumboni?"

Nilimwita sheikh aliyezoea kutembelea wodi. Akamweleza vizuri kwamba dini imemfungulia mgonjwa mlango, atatawadha kila swala na sala yake itapokelewa. Mzee Dahir alimsikiliza hadi mwisho, akamshukuru, akamwombea dua. Alipotoka akanigeukia. "Sheikh ni mtu fizuri sana. Lakini mfuko si yake."

Akaondoka zake kwa ngamia wake, na siku ya upasuaji Nairobi ikapita. Miezi mitatu baadaye akaja kliniki mwenyewe, hajaitwa, eti apewe dawa ya kikohozi. Daktari Kilonzo hakumwachia nafasi hiyo. Alimlaza ubavu, akatia kidole, akatulia. Akatoa, akatia tena. Akaomba bomba. Akachungulia hadi mgongo ukamuuma, kisha akaniita na mimi nichungulie. Pale uvimbe ulipokuwa palikuwa na kovu jeupe, bapa, la ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, na kandokando yake vijishipa vyembamba vyekundu. Hapakuwa na kitu kingine. Tukachukua nyama, tukaituma, tukangoja wiki nyingi. Jibu: hakuna saratani iliyoonekana.

Ninyi mliosoma juzi mtaniambia kwamba siku hizi hilo lina jina lake na utaratibu wake. Wakati ule kwetu halikuwa na jina. Daktari Kilonzo alimpigia simu mwenzake wa Nairobi na nilisikia kicheko cha yule bwana nikiwa mlangoni. Alipoweka simu chini alikaa kidogo akigonga meza kwa kalamu.

"Anasema nimkate tu," akaniambia. "Na huenda yuko sawa. Lakini nitamkata nini, Komora? Kovu? Na mwenyewe hataki."

Akamwita Mzee Dahir, akamweleza wazi, nami nikitafsiri kwa Kisomali changu cha sokoni. Ugonjwa hauonekani, lakini unaweza kuwa umejificha. Tukiacha kukata, lazima tuwe tunatazama. Kila baada ya miezi mitatu, kidole na bomba, bila kukosa. Uvimbe ukirudi na tukaukuta ungali mdogo, bado tutaweza kuutoa. Ukirudi nasi hatupo, utammaliza. Mzee Dahir akakubali hata kabla sijamaliza kutafsiri.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu, na nawaomba mlisome taratibu. Niliogopa asije akapotea. Nilijua miezi mitatu kwa mtu wa ngamia ni safari ya mvua moja hadi nyingine. Kwa hiyo tulipokuwa tunatoka nikamshika mkono, nikamkazia macho na kumwambia: "Mzee, ukiona damu hata tone moja, ujue ni kisu." Nilidhani nimemtia bidii. Alitikisa kichwa, akaenda.

Mwaka wa kwanza alikuja kila mara, mwezi ukiandama, mara nyingine siku mbili kabla. Aliniletea maziwa ya ngamia kwenye dumu dogo, yamefukizwa moshi, na nikamzoea kama mjomba. Alinifunza matusi manne ya Kisomali ambayo Sista Halima alinikataza kuyatumia, akanitafutia mke mara mbili ingawa alijua ninaye. Nikimuuliza hali, jibu lilikuwa moja, salama. Uchunguzi ulipokwisha alivaa kikoi chake haraka, akamuuliza Daktari Kilonzo, "Bado iko?" maana yake kovu, na Daktari akamjibu, "Bado liko, limelala." Nilimpenda mzee yule, kwa nini nifiche?

Mwaka wa pili Sista Halima alistaafu, daftari likabaki kwangu. Zamu moja ya Mzee Dahir ikaangukia likizo yangu, na Daktari Kilonzo naye alikuwa Mandera kwa kazi. Aliyebaki kliniki alikuwa daktari kijana, mgeni wa wiki tatu, mwenye bidii na mwandiko mzuri. Niliporudi nikaomba faili la Mzee Dahir hata kabla ya chai. Amefika, imeandikwa. Amepimwa. Chini yake: "Ukuta wa puru laini kote. Hakuna uvimbe, hakuna kovu wala alama yoyote. Mgonjwa alionekana kushangazwa na kipimo."

Nikasoma mara ya pili. Kovu la mionzi halifutiki. Na mtu aliyepimwa mara tano hawezi kushangazwa na kipimo.

Nikaenda kumtafuta daktari kijana. "Huyu Dahir uliyempima, alikuwaje?"

"Mzee mrefu, ndevu zimepakwa hina. Alikuja na kadi yake. Niliita Dahir, akaitika. Kuna nini?"

Mzee Dahir hakuwahi kupaka hina maishani mwake, na kwa urefu alinifika begani.

Nilifungua daftari. Habaswein, duka la Kaha, dada ya baba yake. Wiki ile ile gari la chanjo lilikuwa linaelekea Wajir kupitia Habaswein na polisi wawili wa kulisindikiza, kama ilivyokuwa lazima barabara ile wakati ule, nikaomba nafasi nyuma kati ya masanduku ya barafu. Vumbi nililokula siku hiyo lingetosha kukandika nyumba. Njia nzima nilikuwa nahesabu: tangu tulipomwona mwenyewe ilikuwa imeshapita miezi minne. Kama kitu kilianza kuota mwezi wa kwanza au wa pili, kingekuwa na ukubwa gani sasa?

Eedo Kaha, yaani Shangazi Kaha, kikongwe aliyekaa nyuma ya magunia ya mchele na tasbihi mkononi, aliniuliza kwanza habari za mama yangu, za nyumba yangu na za mvua ya Hola. Mambo hayo hayarukwi. Kisha akasema, "Dahir iko na ngamia, nusu siku kutoka hapa. Kesho wanawake ya maziwa wakirudi, watabeba maneno yako." Asubuhi wanawake walileta maziwa, jua lilipopanda wakarudi na ujumbe wangu. Kesho yake adhuhuri Mzee Dahir alifika kwenye zahanati ya pale nilikofikia, na pembeni yake mtu mrefu mwenye ndevu nyekundu.

"Huyu ni ndugu yangu Nuur," alisema Mzee Dahir kwa furaha kabisa. "Alikuja kwenu. Mlisema iko sawa."

"Tulisema Nuur yuko sawa," nikamjibu. "Nuur hajawahi kuumwa!"

Nuur akanitazama kama mtu aliyeonewa. "Kuna zamu ya maji kisimani, yeye hawezi kutoka. Mimi nikaenda badala yake. Kwa fidia ya damu mimi nalipa badala yake, kwa kiapo mimi naapa badala yake. Mimi na yeye ni kitu moja. Daktar aliita Dahir, nikasema ndiyo. Akasema lala, nikalala." Hapo akapunguza sauti. "Wallahi, sikujua atafanya ile alifanya. Lakini sikupiga kelele."

Askari mlinzi wa zahanati aliyekuwa mlangoni alitoka nje haraka ili acheke. Mimi nilikuwa na hasira, halafu nikacheka, halafu hasira ikarudi. Kila mtu wa kule anajua kwamba ndugu anasimama mahali pa ndugu, kwa wazee, kwa serikali, hata kwa posa. Mimi niliyekaa nao miaka yote hiyo sikuwahi kumwambia Mzee Dahir kwamba kwa jambo hili moja ndugu hafai.

Nuur alipokwenda kutawadha kwa ajili ya adhuhuri, Mzee Dahir alibaki. Ile furaha ikamtoka usoni.

"Komora," alisema, na hakuwahi kuniita kwa jina. "Naona damu. Iko miezi tatu sasa."

"Kwa nini hukuja?"

"Wewe ulisema damu ni kisu. Nikafikiri, nikituma Nuur, karatasi itasema iko sawa. Nilitaka kusikia hiyo maneno mara moja tu." Alikuwa anatazama miguu yake. "Nuur hajui. Anafikiri ni ile zamu ya maji ya ngamia tu."

Sentensi yangu moja, niliyoisema kwa kumpenda, ndiyo iliyomfungia nje miezi yote hiyo. Nilimwomba msamaha, na nilimwomba kwa Kiswahili kwa sababu Kisomali changu hakikuwa na maneno hayo. Tukaondoka na gari la kwanza lililoshuka Garissa, sisi watatu. Nuur alisema anakuja kununua kamba.

Daktari Kilonzo alikuwa amerudi. Alimlaza Mzee Dahir ubavu kama siku zote, nami nikashika taa ya pili, kwa kuwa balbu ya bomba ilikuwa imeanza kufifia. Alitia kidole akakaa nacho muda mrefu. Halafu bomba. Mzee Dahir alikuwa amefumba macho, midomo inacheza na shahada. Mimi nilikuwa natazama shavu la Daktari Kilonzo, kwa sababu alipokuta kitu kibaya shavu lake la kushoto lilikaza. Safari hii lililegea.

"Njoo uone," akaniambia.

Kovu lilikuwa pale pale, bapa, jeupe. Kandokando yake, kimojawapo cha vile vijishipa vyekundu kilikuwa kinachuruzika damu, tone moja moja.

"Ni mionzi hiyo," akasema. "Mishipa ya kovu la mionzi ni dhaifu, choo kigumu kikipita inatoa damu. Si uvimbe. Mwambie ale laini na anywe maji, na asitutumie ndugu." Nyama alichukua pia, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuamini macho peke yake, na jibu lilipokuja halikuwa na saratani. Sitawachosha kwa yaliyofuata. Aliendelea kuja mwenyewe miaka mingine, mionzi ile ilimsumbua mara kwa mara, na kisu hakikumgusa. Wengine tuliowangoja vilevile baadaye hawakuwa na bahati hiyo; wawili uvimbe uliwarudia, tukauona mapema, wakapasuliwa, na mmoja wao yupo hadi leo na mfuko wake. Na kwa kila mmoja wao nilisema hivi: ukiona damu, njoo tutazame pamoja. Neno kisu nililiacha kwa Daktari.

Lakini siku ile ndiyo ninayotaka kuimalizia. Nilizunguka upande wa kichwa nikainama nikamwambia Mzee Dahir kwamba hakuna uvimbe. Hakufumbua macho. Alinishika kifundo cha mkono akakibana kwa nguvu, machozi yakamtiririka hadi sikioni. Kisha akasema jambo moja tu.

"Nuur asijue niliogopa. Mimi ndiye mkubwa."

Nikamwahidi. Nikatoka nje kumwambia Nuur kwamba ndugu yake ni mzima. Alikuwa amekaa benchi la mwisho, hana kamba wala dalili ya kwenda kununua kamba. Aliposikia alisema alhamdulillahi, akaishika ile sentensi akairudia mara kadhaa kwa sauti ndogo. Halafu akanivuta mkono nikae.

"Walaal, ndugu yangu, mimi nilijua," alisema. "Dahir hajawahi kutuma mtu mahali yeye anaitwa. Na niliona nguo yake ikifuliwa, iko na damu, na zamani aliniambia maneno yako, damu ni kisu. Alinipa ile kadi. Nikasema, haya, leo ni siku ya kukatwa. Nikasema, wacha wakate mimi, pengine deni ya ile ugonjwa itaisha, yeye abaki mzima."

"Nuur, ugonjwa hauendi hivyo."

"Najua hauendi hivyo. Mimi si mjinga." Alijifuta uso kwa ncha ya kikoi. "Lakini nilikuwa na kitu gani ingine ya kumpa? Usimwambie. Ataona aibu."

Nikarudi ndani. Mzee Dahir alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, anatafuta ndara zake kwa miguu. Nikapiga magoti nikamvalisha. Akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama Nuur ameshuku chochote.

Nikamwambia hapana.